Tathmini ya Mezani au Utafiti wa Uwandani: Njia Ipi Itumike Kupima Jamii na Teknolojia ya Nchi ya Kigeni?

Mfanyabiashara anayekusudia kuvuka mpaka huwa na maswali mawili makubwa kuhusu nchi asiyoijua. Anataka kujua watu wa huko wanaishi, wanafanya kazi na wananunua kwa namna gani. Na anataka kujua kama mitambo, mitandao na ujuzi uliopo unaweza kuibeba biashara yake. Swali la kwanza linahusu mazingira ya kijamii, la pili mazingira ya kiteknolojia, na njia za kuyajibu ni mbili. Mtu anaweza kukaa mezani akasoma takwimu, fahirisi, sheria na ripoti zilizokwisha kuchapishwa. Au anaweza kufunga safari, akakaa huko kwa majuma au miezi, akiangalia na kuuliza. Ipo pia njia ya tatu, ya kumwachia mshirika mwenyeji kazi yote, nayo nitaigusa baadaye, kwa sababu wengi huikimbilia wakidhani inaondoa haja ya hizo mbili.

Kwa kawaida uchaguzi kati ya meza na uwanda hufanywa kwa kuangalia mfuko: mwenye fedha husafiri, asiye nazo husoma. Naona huo ni msingi mbovu wa kuchagua. Meza hujibu vizuri swali la nini kipo. Uwanda hujibu swali la nini kinatumika, kinatumiwa na nani, na kwa sababu gani. Hasara nyingi zilizozipata kampuni kubwa katika nchi za watu zilitokea pale jibu la swali la kwanza lilipochukuliwa kuwa jibu la swali la pili.

Kazi ambayo meza inaiweza

Upande wa teknolojia, sehemu kubwa ya yanayohitajika hupatikana bila kupanda ndege. Chukua umeme wa Japani. Nchi hiyo hutumia volti 100, pungufu ya zile 120 za Marekani na chini ya nusu ya zile 230 za Ulaya. Isitoshe, umeme wa upande wa mashariki, uliko mji wa Tokyo, una masafa ya hezi 50, ilhali wa upande wa magharibi, uliko mji wa Osaka, una hezi 60. Chanzo chake ni cha mwishoni mwa karne ya 19, Tokyo ilipoagiza mitambo ya kufua umeme kutoka Ujerumani na Osaka ikaagiza ya Marekani, na mgawanyiko huo haujaondolewa hadi leo. Mwenye kiwanda anayetaka kupeleka huko mashine zenye mota hana haja ya kumhoji mtu; saa moja ya kusoma inamtosha kujua kwamba mashine iliyotengenezwa kwa masafa ya upande mmoja inaweza kusumbua upande wa pili. Kumtuma mtu safari ya majuma mawili akaligundue hilo ni kutupa fedha.

Ndivyo ilivyo kwa njia za mawasiliano. Januari 2022 mlipuko wa volkano chini ya bahari ulikata mkongo pekee wa mawasiliano uliokuwa ukiiunganisha Tonga na dunia nzima, na kuutengeneza kukachukua takriban majuma matano. Machi 2024 mikongo kadhaa ilikatika kwa wakati mmoja karibu na pwani ya Côte d'Ivoire, na nchi nyingi za Afrika Magharibi zikapungukiwa na intaneti au zikaikosa. Kwa biashara inayotegemea mawasiliano ya kila dakika, swali la kuuliza ni intaneti inaingia nchini kwa njia ngapi, na kama njia hizo zote hupita mahali pamoja. Ramani za mikongo ya baharini ziko wazi kwa kila mtu, na jibu linapatikana kwa mchana mmoja.

Sheria nazo husomwa kabla ya kuhojiwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilianza kutumika tarehe 25 Mei 2018, na faini yake inaweza kufika yuro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya kampuni duniani kote kwa mwaka, kutegemea kiasi kipi ni kikubwa zaidi. China ilianza kutumia sheria yake ya taarifa binafsi tarehe 1 Novemba 2021. Urusi ilitaka taarifa za raia wake zihifadhiwe ndani ya nchi kuanzia mwaka 2015, na mwaka 2016 ikaufungia mtandao wa LinkedIn kwa kutotimiza sharti hilo. India, kupitia benki yake kuu, iliizuia Mastercard kuingiza wateja wapya kuanzia Julai 2021, kwa sababu ya kanuni za mahali pa kuhifadhi taarifa za malipo, na zuio hilo likaondolewa Juni 2022. Zote ni habari zilizoandikwa. Mwekezaji anayeshangazwa nazo baada ya kufungua ofisi hakukosa utafiti wa uwandani; alikosa kusoma.

Nigeria ilisimamisha mtandao wa Twitter kuanzia Juni 2021 hadi Januari 2022. Tukio la namna hiyo halitabiriki kwa kusoma sheria peke yake, lakini historia ya maamuzi ya aina hiyo husomeka, na kampuni inayotafuta wateja wake wote kupitia mtandao mmoja wa kijamii inapaswa kuisoma.

Upande wa jamii, meza ina nguvu katika mambo yanayohesabika: umri, elimu, ukubwa wa kaya, lugha, wanaoishi mijini na vijijini. Nusu ya Wanigeria hawajafikisha miaka 20. Nchini Japani, umri unaowagawa watu mafungu mawili yaliyo sawa unakaribia miaka 50. Tofauti hiyo peke yake huamua mengi kuhusu bidhaa ya kupeleka, nguvukazi itakayopatikana, na hata ukubwa wa herufi kwenye skrini. Kuna pia uchunguzi wa maadili na imani za watu, unaofanywa katika nchi nyingi tangu mwaka 1981 kwa awamu za miaka kadhaa, unaouliza juu ya kuaminiana, dini, kazi na nafasi ya mwanamke. Hupatikana bure, na inashangaza jinsi wafanyabiashara wachache wanavyoufungua.

Mahali ambapo meza hupotosha

Takwimu ninayopenda kumwonyesha mtu anayetaka kuamini meza peke yake ni hii: kwa makadirio ambayo GSMA, chama cha kampuni za simu duniani, ilitoa mwaka 2024, takriban asilimia 4 tu ya watu wote waliishi mahali pasipofikiwa na intaneti ya simu, ilhali takriban asilimia 39 waliishi ndani ya eneo lenye mtandao huo lakini hawakuutumia. Mnara upo, mawimbi yapo, mtu yupo, lakini hayumo mtandaoni. Sababu ni za kijamii kuliko za kiufundi: bei ya simu ikilinganishwa na kipato, kutojua kusoma au kutojua kutumia chombo, kukosa maudhui kwa lugha ya mtu mwenyewe, hofu ya kutapeliwa, na katika kaya nyingine simu kuwa mali ya mume. Ramani ya minara humwambia mwekezaji kwamba soko lote limefunikwa. Kumbe soko lake halisi linaweza kuwa nusu ya hilo.

Kasoro ya pili ni fahirisi zenyewe. Alama moja inayojumlisha mambo kumi ni tamu kwa sababu inaokoa muda, na kwa sababu hiyohiyo ni hatari. Kwa miaka mingi wawekezaji waliitegemea ripoti ya Benki ya Dunia ya kupanga nchi kwa urahisi wa kufanya biashara, hadi Septemba 2021 ilipofutwa baada ya kubainika dosari katika takwimu za matoleo ya 2018 na 2020, zikihusu nchi kama China, Saudi Arabia, Azerbaijan na Falme za Kiarabu. Mrithi wake alitoka Oktoba 2024 akianza na nchi 50 tu. Sisemi fahirisi ziachwe. Nasema mtu asiangalie nafasi ya nchi kwenye orodha bali avunje alama hiyo na kutazama vipande vyake, kisha achague kile kimoja au viwili vinavyohusu biashara yake. Muuza programu za hesabu hanufaiki kwa kujua kwamba nchi ni ya 40 kwa ubunifu. Ananufaika kwa kujua ni biashara ngapi ndogo zinawasilisha ritani za kodi kwa njia ya mtandao.

Katika utamaduni tatizo hili ni zito zaidi. Vipimo vya mtafiti Geert Hofstede, vinavyozipa nchi alama juu ya mambo kama umbali kati ya mkubwa na mdogo, ubinafsi na ujamaa, au woga wa mambo yasiyo na uhakika, vimenukuliwa katika mawasilisho mengi mno ya kibiashara. Msingi wake ulikuwa hojaji zaidi ya laki moja zilizojazwa na wafanyakazi wa kampuni moja, IBM, kati ya mwaka 1967 na 1973. Kama kianzio cha maswali vipimo hivyo vinafaa: vinakukumbusha kuuliza kama mfanyakazi wa huko atathubutu kumpinga msimamizi wake. Kama jibu havifai, kwa sababu vinaichukulia nchi kuwa mtu mmoja mwenye tabia moja. Uswisi ina lugha nne za taifa, na katiba ya India inazitambua lugha 22 katika jedwali lake. Alama moja ya India inamhusu nani hasa, mkulima wa Bihar au mhandisi wa Bengaluru?

Kisha kuna suala la umri wa takwimu. Novemba 2020 Benki Kuu ya Brazili ilizindua Pix, mfumo wa kutumiana pesa papo hapo kwa saa zote, na katika muda mfupi ukawa njia ya kawaida ya malipo kwa watu wa matabaka yote. Aliyeitathmini Brazili mwaka 2019 na kuandika mpango wa miaka mitano uliotegemea kadi, alipima nchi ambayo haikuwepo tena wakati mpango ulipoanza kutekelezwa. India nayo ilipata mfumo wake, UPI, mwaka 2016. Takwimu za umri wa watu huzeeka polepole, na za miaka mitano iliyopita bado zinasema kweli. Takwimu za malipo huoza kama matunda, na zinapaswa kutazamwa tarehe kabla ya kutazamwa kiasi.

Uwanda unaonyesha nini

Mwishoni mwa mwaka 1997 Walmart, kampuni ya Marekani ya maduka makubwa, iliingia Ujerumani kwa kununua maduka yaliyokuwepo. Mezani nchi hiyo ilivutia sana: watu zaidi ya milioni 80, kipato kikubwa, barabara nzuri, bandari, umeme wa uhakika, wafanyakazi wenye ujuzi. Hapakuwa na kasoro ya kiteknolojia. Julai 2006 kampuni ilitangaza kuyauza maduka yake 85 kwa Metro, kampuni ya maduka ya Ujerumani, na kuondoka, kwa hasara ya takriban dola bilioni moja. Sababu zilikuwa nyingi, na ushindani wa bei kutoka maduka ya bei nafuu ya Aldi na Lidl ulikuwa mkubwa kuliko yote, lakini orodha ya mambo ya kijamii yaliyopuuzwa inafundisha. Wateja hawakupenda wageni kuwapokea mlangoni kwa tabasamu na kuwapangia bidhaa zao mifukoni. Kanuni za maadili zilizoletwa kutoka makao makuu, zikiwamo zilizogusa uhusiano wa kimapenzi kati ya wafanyakazi, zilipelekwa mahakamani, na mwaka 2005 mahakama zikakataa baadhi ya vipengele vyake. Mabaraza ya wafanyakazi yalikuwa na haki ya kushauriwa, haki iliyoandikwa katika sheria.

Hapo pana tofauti ya kuzingatia. Haki ya mabaraza ya wafanyakazi ilikuwa kitabuni, na msomaji mwangalifu angeiona. Chuki dhidi ya tabasamu la mlangoni haikuandikwa popote. Ingeonekana kwa mtu aliyesimama katika maduka ya mji mmoja kwa siku tatu akitazama jinsi mteja anavyotendewa, nani anazungumza kwanza, na malipo yanachukua muda gani.

Home Depot, kampuni ya Marekani ya kuuza vifaa vya ujenzi, iliingia China mwaka 2006, wakati ambapo nyumba mpya zilikuwa zikijengwa kwa kasi isiyo na mfano na wanunuzi wake wakikabidhiwa kuta tupu za kumalizia wenyewe. Kwa mtu wa mezani, hilo ni soko lililoandaliwa kwa ajili ya muuza vifaa vya ujenzi. Kumbe mwenye nyumba hakuwa na nia ya kushika nyundo. Kazi ya fundi ilikuwa ya bei nafuu, na mtu wa tabaka la kati aliona kuipaka nyumba rangi kwa mkono wake ni ishara ya kupungukiwa. Maduka makubwa ya mwisho ya kampuni hiyo nchini humo yalifungwa mwaka 2012. Takwimu za nyumba zilikuwa sahihi. Hazikusema ni mkono wa nani utakaozimalizia.

Sasa nigeuze upande, maana utafiti wa uwandani nao una udanganyifu wake, na wapenzi wake hawapendi kuusema. Kwanza, mgeni hukutana na watu wanaoweza kuzungumza naye. Hao ni wasomi, wakazi wa mji mkuu, wenye lugha ya kigeni, wenye simu nzuri, na hali yao haifanani na ya nchi. Majuma matatu katika hoteli ya mji mkuu humpa mtu hakika kubwa na ujuzi mdogo. Pili, katika jamii nyingi kumkatalia mgeni usoni ni utovu wa adabu, kwa hiyo ukiuliza, “Je, ungeinunua bidhaa hii?” utajibiwa ndiyo, na ndiyo hiyo haina thamani. Dawa yake ni kuuliza mambo yaliyopita: mara ya mwisho ulinunua lini, ulilipa kiasi gani, ulilipaje, ulikasirishwa na nini. Mtu anaweza kukubali jambo la kesho kwa heshima tu, lakini hasemi kirahisi kwamba jana alinunua kitu ambacho hakukinunua. Tatu, mkalimani hulainisha. Kwa kazi inayogusa fedha nyingi ningeajiri wawili wasiojuana, nikawapa kanda zilezile, nikalinganisha walichokitoa. Nne ni majira: nchi iliyotazamwa wakati wa mavuno au wa sikukuu si nchi ya miezi mingine.

Jambo ambalo uwanda hulifanya vizuri kuliko chombo kingine chochote ni kupima teknolojia inavyofanya kazi mikononi mwa mtumiaji. Nunua laini ya simu kama raia au mkazi wa kawaida anavyonunua na uhesabu nyaraka unazoombwa. Jaribu kufungua akaunti. Agiza kitu kwa mtandao kikufuate nje ya mji, uone kinafika baada ya siku ngapi na mletaji anapiga simu mara ngapi kuuliza njia. Andika saa za kukatika umeme kwa mwezi mzima katika mtaa unaotaka kuweka ofisi, maana wastani wa taifa hautawasha kompyuta zako. Piga simu huduma kwa wateja za kampuni tatu kubwa. Kazi hii haina heshima ya ripoti yenye jalada, lakini huwa najiuliza ni mikataba mingapi ingesainiwa kama waliosaini wangelazimishwa kuifanya.

Pale jamii na teknolojia zinapokutana

Wengi hugawa tathmini katika sura mbili, moja ya jamii na nyingine ya teknolojia, zikaandikwa na watu wawili wasioonana. Mambo mazito huwa katikati, na hapo ndipo meza na uwanda lazima vitumike pamoja.

Indonesia ina watu wengi wenye jina moja tu. Fomu ya mtandaoni inayolazimisha jina la ukoo inawafungia nje wateja hao, au inawalazimisha kubuni jina ambalo baadaye halitafanana na kitambulisho. Ethiopia ina kalenda yake ya miezi 13. Katika sehemu nyingi za Costa Rica anwani huelezwa kwa alama inayojulikana na umbali wa kutoka hapo, wala si kwa jina la barabara na namba, kwa hiyo programu ya usafirishaji inayotaka namba ya nyumba itakwama. Mfumo wa Kiarabu unaoandikwa kulia kwenda kushoto unageuza mpangilio mzima wa ukurasa. Kila kimoja kati ya hivi kinasomeka mezani kwa anayejua kukitafuta, lakini mtu hukijua baada ya kukutana nacho.

Ujerumani inatoa mfano wa malipo. Kadi zipo, mashine za kuzisoma zipo, mitandao ipo, na bado uchunguzi wa benki kuu ya nchi hiyo ulionyesha kwamba mwaka 2023 takriban nusu ya malipo yote yaliyofanywa na watu kwa idadi, asilimia 51, yalikuwa ya fedha taslimu. Anayesoma ripoti ya miundombinu ataamini nchi hiyo haina haja ya noti. Anayesoma ripoti ya tabia ya malipo ataona vingine, na zote mbili ni za mezani. Kwa hiyo si kweli kwamba meza haijui tabia. Inaijua, ila mara nyingi hatuifungui ripoti sahihi.

Mfano ulio tajiri kuliko yote ni ule wa M-Pesa. Huduma hiyo ilianzishwa Kenya mwaka 2007 na ikaenea kwa kasi iliyoushangaza ulimwengu. Mwaka 2010 Vodacom iliipeleka Afrika Kusini, nchi yenye uchumi mkubwa zaidi, simu nyingi, na wafanyakazi wengi wanaotuma fedha makwao. Lengo lilikuwa kufikia wateja milioni 10 katika miaka mitatu. Mwaka 2016 huduma ilifungwa ikiwa na watumiaji hai wapatao 76,000. Teknolojia ni ileile; jamii iliyoipokea ni nyingine. Afrika Kusini ilikuwa na watu wengi zaidi wenye akaunti za benki, mashine za kutolea pesa zilikuwa nyingi, maduka makubwa ya rejareja yalikuwa yakitoa huduma ya kutuma pesa, na masharti ya kumtambua mteja yalikuwa makali. Nchini Kenya, mtoa huduma mmoja alishika sehemu kubwa mno ya soko la simu, kwa hiyo mtumaji na mpokeaji walikuwa tayari katika mtandao mmoja. Tazama jinsi sababu hizi zinavyogawanyika: idadi ya wenye akaunti na masharti ya sheria vilikuwa mezani; lakini jinsi mtu alivyokwisha kuzoea kutuma pesa kupitia duka, na jinsi alivyoridhika na njia hiyo, ilihitaji mtu wa kwenda kumwuliza.

eBay nchini China ilikutana na ukuta wa aina nyingine. Iliinunua EachNet, soko la mtandaoni la huko, kwa ukamilifu mwaka 2003, mwaka uleule Alibaba ilipoanzisha Taobao. Mteja wa China alitaka kuzungumza na muuzaji kabla ya kununua, apatane naye bei, na fedha zake zishikwe na mtu wa kati hadi mzigo ufike. Taobao ilimpa chombo cha mazungumzo, na mwaka 2004 ikampa Alipay, huduma ya kuzishika fedha hizo. eBay ilihamishia jukwaa lake la China kwenye mfumo wake wa dunia, na mwishoni mwa 2006 ikajitoa kwa kukabidhi biashara kwa ubia na kampuni nyingine. Kutoaminiana ni hali ya kijamii. Kilichoitibu ni programu.

Kumtegemea mshirika mwenyeji

Njia hii nitaipitia kwa haraka. Mshirika mwenyeji huleta ujuzi wa uwanda bila gharama ya kukaa huko, na katika sekta nyingine sheria humlazimisha mgeni kuwa naye. Udhaifu wake ni kwamba anayekupa taarifa ndiye anayefaidika na uamuzi wako. Danone ya Ufaransa na Wahaha, kampuni ya vinywaji ya China, walianza ubia wao China mwaka 1996. Mwaka 2007 waligombana hadharani juu ya nani anamiliki nini, na mwaka 2009 Danone ikauza hisa zake na kutoka. Mshirika ni njia ya kutekeleza. Akitumiwa kama njia ya kutathmini, hakikisha kuna mtu wa pili, asiye na hisa, anayeyapima maneno yake.

Uchague ipi

Muuza huduma ya kidijitali ambayo haihitaji ofisi wala ghala aanze mezani na atumie huko sehemu kubwa ya muda wake: sheria za taarifa, mifumo ya malipo, lugha, matumizi halisi ya intaneti wala si ufikaji wa mawimbi. Badala ya safari ndefu, azindue toleo dogo katika mji mmoja na aiache tabia ya watumiaji imjibu. Kosa lake likitokea litakuwa la gharama ndogo, na jaribio halisi hushinda mahojiano mia.

Anayepeleka mashine au kujenga kiwanda naye aegemee mezani kwa upande wa teknolojia, kisha aende uwandani kwa jambo moja mahususi: mafundi. Idadi ya wahitimu wa vyuo vya ufundi iko kwenye ripoti, lakini uwezo wao wa kuitengeneza mashine fulani usiku wa manane bila mtaalamu wa kigeni hauko humo. Atembelee viwanda viwili au vitatu vinavyofanya kazi inayofanana na yake, aulize vipuri huchukua siku ngapi kupita forodhani, na aangalie ni mashine ngapi zimesimama.

Anayefungua maduka, hoteli, shule, kliniki au biashara yoyote ambayo mwenyeji anamhudumia mwenyeji, aende uwandani kwanza na akae. Hapa sioni mbadala. Tathmini ya mezani ifanye kazi ya kuchuja, ipunguze nchi kumi ziwe mbili, na isipewe mamlaka ya kuamua kati ya hizo mbili.

Kuna kundi moja ambalo watu hulisahau, nalo ni la wanaokwenda nchi jirani inayofanana na yao. Target ya Marekani ilifungua maduka Kanada mwaka 2013, katika nchi ambayo wengi wanazungumza Kiingereza, wanatazama televisheni ya Marekani na walikuwa wakivuka mpaka kununua katika maduka yake. Januari 2015 ilitangaza kuyafunga yote 133, huku wafanyakazi wapatao 17,600 wakiathirika. Jamii haikuwa ngeni sana. Kilichoanguka zaidi ni mfumo wa kompyuta wa kusimamia bidhaa, uliojazwa taarifa zenye makosa kwa haraka, hata maghala yakafurika huku rafu za maduka zikiwa tupu. Kwa kundi hili ushauri wangu ni kinyume cha ule wa kawaida: lipunguze muda wa kuichunguza jamii linayoifahamu, na muda huo likautumie kuijaribu teknolojia yake lenyewe ndani ya nchi hiyo, kwa vipimo vya huko, sarafu ya huko na lugha zote za huko, kabla ya duka la kwanza kufunguliwa.